Kidole Gumba cha Raundi ya Saba

Mtu aliyeniua macho alinipigia simu Jumanne moja, saa nne asubuhi, akaniomba nimfundishe kumimina kahawa bila kujiunguza.

Sitanii.

Mimi ni mzee, nakaribia tisini. Sioni, kwa hiyo hapa naongea tu, simu ndiyo inaandika. Mkikuta neno limekaa upande, laumuni simu.

Ilikuwa Machi, mwaka 2001. Nilikuwa nakaa peke yangu hapa Akron, Ohio, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi viatu. Simu yangu ya mezani ilikuwa hailii. Ikilia, ujue mtu kakosea namba, au kanisani wanataka kujua kama bado nipo.

Siku hiyo ikalia. Nikapokea.

"Naongea na Lucius Tarver?"

Sauti ya mzee, nzito, ina mikwaruzo.

"Ndiye."

"Chama cha mabondia wastaafu wamenipa namba yako. Naitwa Kaz Dudek, wa Barberton. Huenda umewahi kunisikia."

Huenda nimewahi kumsikia.

Nilishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja. 

"Wanasema wewe huoni siku nyingi," akaendelea. "Mimi nimeanza mwaka jana. Presha ya macho. Daktari kasema ndiyo basi. Sasa bwana, nina shida moja ya kijinga, naona aibu hata kuisema."

"Sema tu."

"Kahawa. Kila asubuhi najiunguza. Nimekaa mwezi mzima nakunywa maji ya bomba."

Nilikuwa nasubiri lile neno la kuniomba msamaha. Miaka arobaini na tatu nilikuwa nalisubiri.

Hakulisema. Alisema tu, "Alhamisi una nafasi?"

Mimi nafasi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma.

Februari 1958 nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mchana nilifanya kazi kiwanda cha matairi, jioni nilikuwa gym. Nilikuwa bondia wa uzito wa juu, mapambano kumi na manne, sijapoteza hata moja. Mtaani kwetu watoto walikuwa wananifuata wakinirushia ngumi za hewani.

Kaz Dudek alikuwa bingwa wa uzito wa juu wa jimbo la Ohio. Miaka ishirini na nane, mwana wa Wapolandi, shingo kama kisiki.

Na alikuwa mchafu.

Vijana wa siku hizi mnaona ndondi kwenye televisheni, kamera kumi na mbili, refa akikohoa dunia nzima inajua. Enzi zetu uzito wa juu ulikuwa na sheria za aina mbili: zile zilizoandikwa, na zile ambazo refa anaamua kuziona.

Dudek alikuwa anakukanyaga mguu ili usirudi nyuma, kisha anakutandika. Mkikumbatiana, anakusugua uso kwa kamba za glavu mpaka ngozi inachubuka. Anakushika shingo kwa mkono mmoja, wa pili unatwanga figo. Kengele ikilia, anakuongezea moja ya kukuaga.

Watu walikuwa wanalipa waje kuyaona hayo. Rafu zilikuwa sehemu ya ubingwa. Bingwa asiyecheza rafu walimwona mwanasesere.

Refa wa pambano letu alikuwa anatoka mtaa mmoja na Dudek. Mimi ni mweusi. Ohio ya mwaka ule, mtu mweusi akimlalamikia refa kuhusu mzungu, ukumbi mzima unasimama. Kwa hiyo ulikuwa unafunga mdomo na kupigana.

Raundi ya saba tukakumbatiana karibu na kona yake.

Nikasikia glavu yake inapanda shavuni kwangu taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Halafu kidole gumba kikaingia.

Glavu za wakati ule gumba lilikuwa limesimama lenyewe, halijashonewa kwenye glavu kama sasa. Likaingia jicho la kushoto, likageuka. Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia sauti ndogo tu ndani ya kichwa, kama mtu amekanyaga zabibu.

Nikaanguka. Refa akahesabu mpaka kumi. Ukumbi ukashangilia.

Jicho la kushoto lilikufa wiki ile ile. La kulia nalo likaanza kuwasha, likawa jekundu, likaanza kuona ukungu. Daktari aliniambia kuna macho hayawezi kuishi bila mwenzake. Moja likiumia hivyo, la pili linalilia mwenzake mpaka nalo linakufa.

Kufikia Krismasi ya mwaka 1959 nilikuwa kipofu kabisa.

Niliishije? Niliishi.

Nilijifunza kutumia fimbo. Nikapata kibanda cha kuuza magazeti, sigara na kahawa ndani ya mahakama, ghorofa ya chini. Nilikaa pale miaka thelathini na moja. Mahakimu nilikuwa nawajua kwa viatu.

Mke wangu, Odessa, tulikuwa tumeoana mwaka mmoja kabla ya pambano. Alinivumilia sana yule mwanamke. Shida haikuwa macho. Shida ni kwamba mimi nilikuwa sijashuka ulingoni.

Raundi ya saba niliirudia mezani. Niliirudia kitandani. Tukiwa kanisani, watu wamefumba macho wanaomba, mimi niko kwenye ile kona na Dudek ananipapasa shavu.

Mwaka 1969 Odessa akafunga sanduku lake. Akakaa kwenye kiti kando yangu, akanishika goti.

"Lucius, nimechoka kuishi na wanaume wawili," akasema. "Na mmoja wao hata simjui."

Akaenda Detroit kwa dada yake. Huko akaolewa tena.

Nikabaki na Dudek.

Nacheka sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikiamka namtukana. Nikinyoa ndevu namuuliza kwa nini. Jioni nikila supu yangu ya kopo, nampanga aje kuniomba msamaha, leo analia, kesho anapiga magoti, siku nyingine simfungulii hata mlango. Hakuna mtu niliyeongea naye zaidi ya huyo.

Sasa mtu huyo anataka nimfundishe kahawa.

Alhamisi nikapanda basi, nikaenda Barberton, mji wa jirani tu.

Nilikuwa na mpango mmoja tu. Alitamke. Aseme, "Tarver, ni mimi niliyekufanyia vile." Akishasema, nitajua la kufanya.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Nyumba ilinuka kabichi ya juzi, na ile harufu ya nyumba isiyofunguliwa madirisha. Alinishika mkono kunisalimia. Kiganja chake kilikuwa na malengelenge matano, niliyahesabu kwa kidole.

"Karibu, bwana. Angalia meza. Aa, tazama nilivyo mjinga, nakwambia uangalie."

"Sote tunasema hivyo," nikamjibu. "Birika liko wapi?"

Nikamfundisha. Unakunja kidole cha shahada juu ya ukingo wa kikombe, ncha ikae ndani kidogo tu. Unamimina pole pole. Mvuke ukikupata, unaacha. Tena unasikiliza, maana kikombe kikikaribia kujaa sauti yake inapanda, inakuwa nyembamba.

Akajaribu mara nne. Mara ya tano akapata.

Akanywa. Kisha akaanza kulia, huyu mtu mwenye shingo ya kisiki, analia kwa kikombe cha kahawa.

Mke wake alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Mtoto wake wa kiume yuko Arizona, anampigia Krismasi. Jirani yake, Bi Irma, mjane wa Kislovakia, alikuwa anamletea chakula Jumapili na kumwekea mlangoni, kwa sababu mzee alikuwa mkali, hataki kuonekana akipapasa.

"Unakuja tena Alhamisi?" akaniuliza.

Lile neno hakulitamka. Nikasema nitakuja.

Nikaja. Alhamisi ya pili nikamfundisha makopo: funga rababendi moja kwenye supu, mbili kwenye maharage. Ya tatu, soksi, uzibane kwa pini mbili mbili kabla ya kufua. Ya nne, jiko.

Alikuwa mwanafunzi mzuri, akikosea anajitukana kwa Kipolandi. Na tukimaliza alikuwa hataki niondoke. Ananiongezea kahawa, ananiletea mkate, anaanza hadithi za ndondi.

Mimi nami, Mungu anisamehe, nilianza kuzisubiri Alhamisi.

Alhamisi ya tano akaniuliza, "Tarver, wewe macho yako ilikuwa nini? Sukari?"

Nikaweka kikombe chini.

Basi hajui, nikajisemea. Wiki zote hizi hajui niko hapa kama nani.

"Ngumi," nikasema. "Ulingoni."

"Pole sana. Ilikuwaje?"

"Gumba."

Akacheka kidogo. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama fundi aliyesikia jina la chombo alichokuwa anakitumia zamani.

"Gumba nalijua mimi, bwana. Siri yake ni kifundo cha mkono. Ukisukuma moja kwa moja, refa anakuona. Unatakiwa kuzungusha, kama unafungua mlango. Lete mkono."

Akanishika mkono wangu wa kulia. Akakunja vidole vyangu, akaacha gumba nje, akalizungusha taratibu hewani.

Alinifundisha, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Unaona? Mtu akilipata hilo, hajui tena unatokea wapi. Tulikuwa tunafanya sote. Hakuna bingwa wa enzi zile aliyekuwa na mikono misafi. Ukicheza kistaarabu unarudi kiwandani."

"Na wale uliowafanyia?"

"Wazima. Wiki mbili, tatu, jicho linafunguka."

"Una hakika?"

"Sikusikia mtu akilalamika."

Nilikunywa kahawa yangu yote. Sikusikia ladha yoyote.

Ile wiki sikulala vizuri. Kilichokuwa kinanitafuna hata siyo gumba tena, ni lile la hakuna aliyelalamika. Nililalamika miaka arobaini na tatu, aisee. Nilililalamikia dari.

Alhamisi ya sita nilimwambia, "Leo tunatoka nje. Chukua fimbo."

Akafurahi. Alikuwa hajavuka barabara peke yake tangu macho yazime. Tukatembea mpaka ile barabara kubwa, yenye malori. Vipofu wawili, fimbo mbili nyeupe, wazee wakubwa kama makabati.

Tukafika ukingoni. Nikamsimamisha.

"Subiri hapa, nisikilize upande wa pili," nikamwambia.

Nikarudi nyuma hatua nane, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta wa duka la mikate.

Nikanyamaza.

Nilitaka aonje. Dakika tano tu. Ajue kusimama mahali hujui mbele kuna nini, na mtu uliyemtegemea hayupo.

"Tarver?" akaita.

Sikujibu.

"Tarver, uko wapi, bwana?"

Malori yanapita. Upepo wa matairi unanifikia hadi pale nilipo.

"Lucius?"

Hajawahi kuniita Lucius. Ile sauti ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimeiota sauti hiyo miaka yote, Dudek ananiita akiwa ameishiwa nguvu. Niliwaza itakuwa tamu.

Haikuwa tamu. Ilikuwa sauti yangu mimi, mwaka 1959, nikimwita Odessa kutoka bafuni.

Halafu nikasikia fimbo yake ikigonga lami. Haikuwa tena kwenye zege la pembeni. Ilikuwa lami.

Alikuwa ameingia barabarani kunitafuta.

Honi. Breki. Nikarusha fimbo, nikakimbia mikono mbele, kitu ambacho nilimkataza asifanye hata siku moja. Nikagusa koti. Nikalivuta kwa nguvu zote za uzito wa juu zilizobaki, tukaanguka wote wawili chini pembeni.

Dereva akashusha kioo.

"Wazee, hivi kati yenu nani anaona?"

Nikapapasa chini mpaka nikaipata fimbo yangu, tukarudi nyumbani kwake. Suruali yake ilikuwa imechanika gotini. Nikamkalisha. Nikamimina kahawa mimi.

"Nilikuacha makusudi," nikamwambia.

Nikasikia kikombe chake kikigusa meza.

"Februari 1958, ukumbi wa Akron, raundi ya saba. Kona yako. Gumba. Nilikuwa mimi, Dudek. Jicho halikufunguka wiki mbili. Halikufunguka kabisa, na la pili likafuata."

Nikangoja. Hapa ndipo analia, hapa ndipo anapiga magoti. Nilikuwa nimeshaipanga mara elfu.

"Tarver," akasema mwishowe, taratibu sana. "Sikumbuki."

"Unasemaje?"

"Nilipigana mara sitini na moja. Natafuta sura yako, siipati. Sikatai. Ninasema tu sikumbuki. Wewe ulikuwa yupi?"

Wewe ulikuwa yupi.

Nilichukua kofia yangu, nikatoka.

Sijawahi kuwa mpweke kama siku ile, na mimi upweke naujua. Nilikaa kwenye kiti changu, mchana kweupe, nasikia fundi viatu anagonga misumari huko chini. Nikajaribu kumtukana Dudek kama kawaida. Hakuwepo wa kumtukana. Miaka yote nilidhani tuko wawili mle ulingoni, na kumbe mwenzangu alishashuka kitambo, akaoa, akazaa, akalima nyanya, akasahau.

Nilikuwa nimekaa na kiti kitupu.

Alhamisi mbili sikwenda.

Ya tatu, asubuhi, simu ikalia.

"Usikate," akasema Dudek. "Nimemwomba Bi Irma aje. Mke wangu alikuwa anatunza daftari la magazeti, kila pambano. Nimemwambia anisomee mpaka akukute."

"Amenikuta?"

"Amekukuta. Tumeanza juzi, jana jioni ndiyo tumefika kwako. Anasema kuna picha yako. Anasema ulikuwa kijana mzuri."

Nikaibana simu sikioni.

"Lakini Tarver, kuna jambo limeandikwa hapa. Sijui kama unataka kulisikia."

"Soma."

Nikasikia karatasi, na sauti ya mwanamke mzee, ya woga kidogo, akisoma pole pole. Gazeti lilisema raundi ya tatu refa alimwonya Tarver mara mbili kwa kupiga kichwa. Lilisema bingwa alishonwa nyuzi tisa juu ya nyusi ya kulia, na kwamba damu ilikuwa inamwingia machoni mpaka mwisho wa pambano.

"Gazeti la wazungu hilo," nikasema haraka. "Wangeandika nini kingine? Mimi nilipigana kisafi."

"Inawezekana," akasema Dudek. "Nimekusomea tu."

Nikakata simu.

Nikakaa. Na nilipokuwa nimekaa, ikaja harufu.

Mafuta ya nywele. Yale ya kopo jekundu, ambayo sijayatumia hata siku moja maishani mwangu. Yalikuwa kwenye paji langu la uso, yamechanganyika na damu isiyokuwa yangu.

Kisha ikaja sauti ya kocha wangu, mzee Mose, ananong'ona sikioni kwenye mapumziko, huku ananifuta uso: "Kichwa chako ni kigumu kuliko ngumi zako, mwanangu. Mpe tena kabla refa hajageuka."

Nami nikampa tena.

Raundi ya tatu yote ilikuwepo. Ilikuwa imelala chini kabisa, chini ya ile ya saba, miaka arobaini na tatu. Odessa nilimsimulia pambano lile mara ngapi, na hiyo ya tatu sikumtajia hata siku moja.

Nikapanda basi.

Dudek alinifungulia. Nikamwambia ainame. Nikapapasa juu ya nyusi yake ya kulia, nikaikuta. Kovu refu, limevimba kidogo, kama uzi chini ya ngozi.

"Miaka yote nilidhani ni yule bondia wa mji wa Canton," akasema. "Nilimkuta kwenye harusi mwaka sabini na mbili, nikakataa kumpa mkono. Maskini, sijui alinifikiriaje."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka.

Halafu nikamwambia, "Nyuzi tisa siyo macho mawili."

"Najua," akasema. "Sisemi tumelingana. Hatujalingana. Nasema tu kwamba tulikuwepo wote."

Tukakaa mezani. Akamimina kahawa yeye, vikombe viwili, hakumwaga hata tone.

"Sikumbuki nilivyokufanyia," akasema. "Lakini kwa jinsi nilivyokuwa, nilifanya. Najijua. Nisamehe, Lucius."

Ndiyo hivyo. Neno lenyewe likaja, kwa sauti ya kawaida, pamoja na mkate na siagi. Nikamwambia nimesikia. Kusamehe kulinichukua muda zaidi, sitawadanganya, lakini siku ile nilisikia.

Niliendelea kwenda kila Alhamisi, karibu miaka miwili. Alijifunza kuvuka barabara. Alijifunza kukaanga yai. Wakati mwingine tulikaa saa nzima bila kusema, wazee wawili na redio.

Alikufa Januari 2003, moyo, akiwa usingizini. Bi Irma ndiye aliyenipigia.

Mazishini tulikuwa watu saba, na padri. Mwanawe alikuja kutoka Arizona. Baada ya ibada alinifuata, akanishika kiwiko kwa adabu.

"Mzee, samahani. Wewe ulimjuaje baba?"

"Tulipigana mara moja."

"Kweli? Hakuwahi kunisimulia. Nani alishinda?"

"Baba yako. Raundi ya saba."

"Kwa haki?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo swali moja kwa moja. Nilikuwa na jibu lake tayari, nililinoa nusu ya maisha yangu. Nilifungua mdomo, nikakuta limeisha makali.

"Siku ile hakuna aliyepigana kwa haki," nikamwambia. "Yeye alizidi. Lakini aliyeanza ni mimi."

Kijana akaniuliza kama ningependa kukaa nao kwenye chakula. Nikakaa.

Sasa hivi nimebaki peke yangu niliyesimama ulingoni siku ile. Refa alikufa, Mose alikufa, Odessa naye. Nikitaka kuuliza ilikuwaje, sina wa kumuuliza, na ninayoyakumbuka mimi siyaamini yote.

Nilichojifunza ni hiki. Ukikaa na kisa peke yako muda mrefu, kinakufutia makosa yako moja moja, kinabakiza ya mwenzio. Mwisho unakuwa malaika, naye shetani, na hakuna kati yenu anayefanana na binadamu aliyekuwepo pale.

Kama aliyekuumiza bado anapumua, mtafute, mkae mezani. Mwache naye aseme alivyoona. Akikwambia hakumbuki, usiondoke. Mimi niliondoka wiki tatu, na kwa umri tuliokuwa nao, wiki tatu zilikuwa nyingi sana.